IFB, bondi ya kawaida, MMF ama ploti: kodi inauma wapi?

Mama alistaafu ualimu, pesa ya mkupuo ikaingia kwa akaunti, milioni moja na nusu, na kabla sufuria ya pilau haijapoa kikao kilikuwa kishaanza hapo sebuleni Donholm. Kaka anataka ploti Joska, tena ana mpaka picha za bikoni, yale mawe ya mpaka, kwa simu. Kitinda mimba wetu, dada, anasema iwekwe MMF, ule mfuko wa soko la fedha, yeye akiona riba imeingia kila asubuhi roho yake inatulia. Mimi nikasema bondi, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba. Mama akatusikiliza wote, akavua miwani, akauliza: "Sawa wanangu, na KRA, watu wa kodi, watachukua ngapi kwa kila moja?"

Kimya. Alafu kaka akasema ati bondi ukiiuza kwa faida unakatwa 15%, dada akasema MMF haina kodi, na mimi nikaapa IFB, ile bondi ya serikali ya miundombinu, haina shida yoyote. Wote watatu tulikuwa tumekosea, kila mtu na kosa lake. Nilirudi kwangu nikachukua daftari nikakaa nayo wiki nzima, na hii ndiyo hesabu yenyewe, nimeipanua kidogo juu najua si sisi peke yetu tumekwama hapa.

Kwanza tutenganishe kodi mbili

Ukiwa na ng'ombe, kuna maziwa na kuna bei ya ng'ombe mwenyewe siku ya kumuuza. Riba ya bondi, ile kuponi inayoingia kila miezi sita, ni maziwa. Hiyo ina kodi yake inayokatwa juu kwa juu kabla pesa haijakufikia. Sasa ukiuza bondi, ama ploti, kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, hiyo tofauti ndiyo faida ya mtaji, na kodi yake ndiyo watu wanaita CGT. Hii CGT ilikuwa imewekwa kando tangu 1985, ikarudishwa Januari 2015 ikiwa 5%, na kuanzia Januari 2023 ikapanda ikawa 15%. Hiyo kupanda ndiyo ilitisha watu mpaka wengine wakaamini kila kitu kinachouzwa kwa faida Kenya hii kinakatwa 15%. Si hivyo. Hisa na bondi zinazouzwa kwenye soko lenye leseni ya CMA, wasimamizi wa masoko ya mitaji, yaani NSE, soko la hisa la Nairobi, zimeachwa nje. Kaka hapo aliteleza.

Kwa hivyo maswali yangu ni matano, na kila chaguo linaulizwa hayo hayo: riba ama mapato ya kila mara yanakatwa ngapi, ukiuza kwa faida unakatwa ngapi, unaweza kutoka haraka kiasi gani bila kuumia, kiingilio, yaani kiasi cha chini cha kuanzia, ni pesa ngapi, na mwenyewe akiaga dunia familia inapata nini. Sitajibu yote kwa urefu sawa, kuna mahali jibu ni neno moja na kuna mahali ndipo pesa inapotelea.

Bondi ya kawaida ya serikali

Hizi ndizo zinaandikwa FXD. Jina lenyewe linakuambia mambo, ukiona FXD1/2018/15 jua ni bondi ya kuponi isiyobadilika, toleo la kwanza la mwaka 2018, ya miaka 15. Hiyo namba ya mwisho iangalie sana kwa sababu ndiyo inaamua kodi.

Bondi ya chini ya miaka 10 riba yake inakatwa 15%. Ya miaka 10 na kuendelea inakatwa 10%. Kinachohesabiwa ni umri iliyozaliwa nayo, si miaka iliyobaki, kwa hivyo ile ya miaka 15 iliyobakisha minne bado ni 10%, na hii watu wengi wanaipita bila kuiona wakati iko sokoni kila siku. Kwa mtu binafsi mkaaji wa Kenya hiyo ikikatwa imekatwa, hutadaiwa nyingine juu yake. Tuseme laki tano kwa kuponi ya 13%: kwa mwaka ni 65,000. Bondi ndefu inakuachia 58,500, fupi inakuachia 55,250. Tofauti ni 3,250 kila mwaka kwa pesa ile ile na kuponi ile ile.

Ukiuza NSE kwa faida, CGT ni sufuri. Lakini hapa kuna kona mbili. Ya kwanza, ukinunua kwa mnada wa CBK, yaani Benki Kuu, bondi inayouzwa chini ya 100 kwa kila 100 iliyoandikwa kwenye bondi, prospektasi yao, ile karatasi ya masharti, huandika kwamba kodi ni ya riba na punguzo, kwa hivyo ile punguzo ya mnada inahesabiwa kama riba, si faida ya mtaji. Ukinunua ya mkono wa pili pale NSE kwa 88, alafu ukaiuza 95, hiyo 7 ni yako yote. Ndiyo maana bondi za zamani zenye kuponi ndogo zina wapenzi wao wa kimya kimya: maziwa kidogo yenye kodi, ng'ombe ananenepa bila kodi.

Kona ya pili ni kinyume chake. Umenunua bondi yenye kuponi ya 15% kwa bei ya 115. Kila laki moja iliyoandikwa kwenye bondi inakulipa 15,000 kwa mwaka na kodi ya 10% inakatwa kwa hiyo 15,000 yote, shilingi 1,500, wakati siku ya kuiva utarudishiwa laki moja tu na ile 15,000 uliyoongeza juu imeyeyuka. Hakuna mtu atakuruhusu uitoe kwa riba ndiyo kodi ipungue. Bondi haina CGT kwa faida, basi na hasara yake pia haina pa kupelekwa.

Kutoka: unaweza kuuza NSE kupitia broka ama benki yako, lakini bei ni ya siku hiyo. Riba za soko zikipanda bei ya bondi yako inashuka, zikishuka inapanda, na hiyo tu ndiyo siri nzima ya faida ya mtaji kwa bondi. CBK wenyewe wana mlango wa dharura wa kukununulia tena, lakini wanapiga hesabu kwa 3% juu ya riba ya soko ama kuponi, ile kubwa kati ya hizo mbili, kwa hivyo ni mlango wa kutokea na nguo zimechanika. Kiingilio ni 50,000, akaunti unafungua kwa simu kwenye DhowCSD, mfumo wa CBK wa kununulia bondi, unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ambayo kuponi zitaingia.

Akiaga mwenyewe, Kenya haina kodi ya urithi. Kazi ni makaratasi ya korti, si kodi.

Inafaa nani? Mtu anayetaka mapato yanayojulikana miaka mingi na hataigusa pesa. Pia yule mwenye subira ya kutafuta hizo za chini ya 100 sokoni. Kwa anayetaka pesa baada ya mwaka mmoja na nusu, mimi simshauri achukue ndefu, afadhali T-bill, mkopo mfupi kwa serikali: hizo ni za siku 91, 182 ama 364 na zinakatwa 15%.

IFB, bondi ya miundombinu

Hii ndiyo kila mtu Nairobi anaongea juu yake tangu Februari 2024. Wakati huo serikali ilitafuta bilioni 70 kwa ile IFB1/2024/8.5, watu wakaleta ofa za bilioni 288 na kitu, CBK ikachukua karibu bilioni 241. Kuponi: 18.4607%, bila kodi hata shilingi. Laki moja ilikuwa inalipa 9,230 kila miezi sita na yote inaingia kwa akaunti vile ilivyo.

Sheria inasamehe riba ya bondi zilizoorodheshwa sokoni za kujenga miundombinu na huduma za jamii, mradi ziwe za angalau miaka 3. Kwa hivyo riba ni sufuri, na ukiuza NSE kwa faida pia ni sufuri. Sufuri mbili. Hapo ndipo mimi nilipata kiburi cha kumwambia Mama haina shida.

Shida yake ni bei, na nitawaonyesha kwa mfuko wangu mwenyewe. Mei 2025 nilinunua ya mkono wa pili, hiyo hiyo ya 18.4607%. Broka akaniambia bei ni 116, mimi kichwani nimeshika 18 tu, nikasema nunua ya laki tatu. Pesa iliyotoka ilikuwa 348,000, alafu juu yake kuna riba ya miezi karibu mitatu ambayo muuzaji alikuwa ameshaichuma na lazima umlipe, elfu 13 na kitu, plus komisheni. Nilipoona SMS ya benki, laki tatu na elfu sitini na kitu zimeenda, nilidhani wamekosea nikapiga simu. Hawakuwa wamekosea, ni mimi sikuuliza. Kuponi yangu kwa mwaka ni 55,382, na ukigawa kwa 348,000 niliyotoa kwa bei ya bondi ni kama 15.9%, si 18.46%. Alafu ile 48,000 ya juu hairudi. Na IFB kadhaa hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya mwisho, sasa kama umelipa 116 na wanakurudishia sehemu kwa 100 mapema, hasara yako imekuja mapema.

Na nani alikula hiyo 48,000? Yule aliyeniuzia. Yeye alinunua mnadani karibu 100, akauza 116, akaweka mfukoni bila CGT. Ingekuwa ni ploti ingekatwa 15% ya 48,000, yaani 7,200. Sina ubaya naye, alisoma vizuri: CBR, riba ya msingi ya CBK, ilikuwa imefika 13% Februari 2024, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na Desemba 2025 ilikuwa 9%. Kila ikishuka, bondi yenye kuponi ya 18 inazidi kupendeza na bei inapanda. Lakini ukinunua wakati kila mtu ameshaona hivyo, faida ya mtaji ni ya mwenzako.

Kulinganisha IFB na ya kawaida, usiangalie kuponi peke yake. IFB ya 12% ni sawa na bondi ndefu ya 13.3% ama fupi ya 14.1% kabla ya kodi. Kwa hivyo kama mnada wa leo una FXD ndefu ya 13.8% na IFB ya 12%, ile yenye kodi ndiyo inakulipa zaidi mkononi. Watu wakisikia "haina kodi" wanaacha kupiga hesabu. Gawa tu: kuponi ya IFB kwa 0.9, ama kwa 0.85 ukilinganisha na fupi.

Kiingilio mnadani ni laki moja, mara mbili ya FXD. Kutoka ni kama ya kawaida, NSE, ila zinapendwa kwa hivyo mnunuzi hakosekani haraka. Urithi ni vile vile.

Jambo moja la kuweka akilini: huu msamaha ni wa sheria, na sheria hubadilishwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuweka 5% kwa riba ya IFB mpya. Mswada wenyewe uliondolewa Juni 2024 baada ya vijana kujaa barabarani, na hiyo 5% ikaenda nayo. Hata hivyo pendekezo lilikuwa la bondi mpya, zilizokuwa tayari mikononi mwa watu hazikuguswa, na hiyo inanipa moyo kidogo.

Inafaa: aliyestaafu anayetaka kuponi nzima nzima, na chama cha akiba kilichoandikishwa kama kampuni. Hii ya chama ni kubwa na watu hawaijui. Kampuni ikipata riba ya bondi ya kawaida, kile kilichokatwa juu kwa juu si mwisho, riba inaingia kwa mapato ya kampuni na kutozwa 30%, ile iliyokatwa unahesabiwa kama malipo ya awali tu. IFB kwa kampuni bado ni sufuri. Ninajua chama cha akina mama kilichokaa miaka mitatu kikidhani kimemalizana na kodi, mpaka mhasibu mpya alipokuja na kikokotoo.

(Kwa wale wanaokumbuka M-Akiba ya 2017, ile ya kununua kwa simu kuanzia 3,000 kwa 10% bila kodi, ilikuwa ni bondi ya ukoo huu huu. Ilikuwa wazo tamu sana kwa familia ndogo.)

MMF

Hapa nitapita haraka kwa sababu hakuna mengi. MMF si bondi, ni mfuko unaokusanya pesa za watu na kuziweka kwa T-bill, bondi fupi na amana za benki. Riba inakatwa 15%. Dada yangu alidhani haina kodi kwa sababu hajawahi kuona ikikatwa, lakini apu nyingi zinakuonyesha kiasi baada ya kukatwa, na matangazo mengi yanaonyesha kabla ya kukatwa, alafu kuna ada ya kusimamia. Kabla hujalinganisha na bondi uliza swali moja: hiyo asilimia ni kabla ama baada? Laki tano kwa 10% kabla ya kodi inakuachia 42,500 kwa mwaka, kukiwa hakuna mabadiliko.

Faida ya mtaji hakuna, juu bei ya kipande haipandi wala kushuka, kinachoongezeka ni riba tu. Kwa hivyo swali la CGT halipo. Kutoka ni siku mbili tatu hivi, na hapo hakuna mwenzake kati ya hizi nne. Kiingilio kidogo, elfu moja inakubaliwa kwingi. Ubaya wake ni kwamba riba haikushikilii ahadi: ile CBR iliyoshuka kutoka 13 hadi 9 iliwanenepesha wenye bondi na kuwakondesha wenye MMF.

Inafaa karo ya muhula ujao, pesa ya dharura, na pesa inayosubiri mnada. Haifai kuwa makao ya milele ya mkupuo wa mzee.

Ploti

Hapa ndipo CGT inaishi. Tuchukue shemeji yangu na ploti yake ya Ruai. Alinunua 2016 kwa 1,500,000, akauza 2024 kwa 4,600,000. Tofauti ni 3,100,000, na 15% yake ni 465,000. Alipoona hiyo namba alikaa chini. Lakini si yote hiyo ni faida mbele ya sheria, unaruhusiwa kuondoa ulichotumia kununua, kuboresha na kuuza. Akaenda kutafuta: ushuru wa stempu wa 60,000, ile 4% ya mjini, wakili 40,000, ukuta na geti 180,000, wakala wa kuuza 120,000. Jumla ni 400,000. Faida ikashuka hadi 2,700,000 na kodi ikawa 405,000. Yaani kile kisanduku cha biskuti chenye risiti zilizofifia, ambacho dada yangu alitaka kukitupa walipohama, kilikuwa na thamani ya 60,000 taslimu. Kwa ile 5% ya kabla ya 2023 angelipa 135,000 tu, na hilo ndilo bado linamuuma, alikuwa na mnunuzi 2022 akamkataa akisubiri bei ipande.

Na mfumuko wa bei hauhesabiwi. Shilingi ya 2016 na ya 2024 zinachukuliwa ni shilingi moja.

Lakini kabla hamjakimbia ploti zote, misamaha iko, na kwa familia za kawaida ni mikubwa kuliko watu wanavyojua. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3 haina CGT. Hiyo ni bei ya kuuza, si faida. Kwa hivyo ploti ya kaka ya Joska, ikinunuliwa laki nane na kuuzwa milioni mbili na nusu, ni sufuri kama bondi. Shamba la kilimo la chini ya ekari 50 nje ya mji pia limesamehewa. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo miaka 3 kabla ya kuiuza, vile vile. Mume kumhamishia mke ama mke kumhamishia mume haihesabiwi. Na mali inayouzwa ama kuhamishwa katika kugawa urithi, mradi ifanyike ndani ya miaka 2 tangu kifo ama muda ulioongezwa na Kamishna wa KRA kwa maandishi, haikatwi. Hiyo ya miaka 2 iandikeni kwa ukuta. Familia ngapi tunazijua zimekaa miaka sita zinagombana nani ashike hati?

Mapato ya kila mara kwa ploti tupu ni sufuri, na hiyo ni namna yake ya kutolipa kodi. Ukijenga ukapangisha, KRA wanatoza 7.5% ya pesa yote ya pango, bila kutoa gharama, kwa mwenye pango la kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kutoka: miezi, wakati mwingine miaka, na mnunuzi anayekuambia nipunguzie nikulipe leo. Kiingilio ni chochote unachoonyeshwa na wakala, alafu ongeza utafiti wa hati, wakili, stempu, na roho ngumu.

Inafaa mwenye pesa asiyoihitaji miaka kumi, anayejua eneo, anayeweka risiti. Pia mwenye mpango wa kujenga akae. Kwa Mama wa miaka 60 anayetaka kununua dawa na unga kila mwezi, ploti haimpi hata sukari.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Chukua laki tano, mwaka mmoja, kwa zile namba zangu za mfano: bondi ndefu ya 13% inaleta 58,500 mkononi, IFB ya 12% inaleta 60,000, MMF ya 10% inaleta 42,500, ploti inaleta nyasi. Siku ya kuuza kwa faida: bondi zote mbili sufuri zikiuzwa NSE, MMF haina swali hilo, ploti ni 15% ama sufuri kulingana na ile milioni 3 na misamaha mingine. Siku ya dharura: MMF kwanza, bondi pili kwa bei ya siku, ploti mwisho.

Onyo moja dogo kwa wenye damu moto. Ule usamehevu wa faida ni wa mwekezaji. Ukianza kununua na kuuza bondi kila wiki kama mchuuzi wa Gikomba, faida yako inaweza kuonekana kama mapato ya biashara, na biashara ina kodi yake. Na ripoti ya mwaka kwa iTax, mtandao wa KRA, unaijaza kabla ya 30 Juni hata kama hakuna unachodaiwa.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una karo ya kulipa ndani ya miaka miwili, MMF ama T-bill, na usihuzunike na ile 15%, ni ada ya kulala usingizi. Kodi ndogo ya bondi ndefu haitakusaidia ukilazimika kuuza wakati bei imeshuka.

Kama ni mzazi aliyestaafu anayetaka kuishi na kuponi, linganisha IFB na FXD ndefu kwa ile hesabu ya kugawa kwa 0.9, chukua inayoshinda siku hiyo, na ununue mnadani karibu na 100 kuliko kukimbilia ya mkono wa pili kwa 116 kama mimi. Ukiweza gawanya kwa bondi mbili zenye miezi tofauti ya kulipa, kuponi ziingie mara nne kwa mwaka badala ya mbili.

Kama huhitaji kuponi na kazi yako inakulisha, tafuta FXD za zamani zinazouzwa chini ya 100. Riba ndogo inakatwa kodi ndogo, na kinachobaki kinakua pasipoguswa. Hii inahitaji broka anayepokea simu.

Chama cha kampuni: IFB, isipokuwa kama mhasibu wenu ana sababu nzuri ya kusema vingine.

Familia yenye ploti tayari na inataka kuuza: angalia kama bei iko karibu na milioni 3, maana kuuza 2,950,000 na kuuza 3,200,000 si kitu kimoja ukiondoa kodi. Ukiwa na faida ya milioni mbili kwa hiyo ya 3,200,000, CGT ni 300,000 na umebaki na 2,900,000. Mnunuzi wa bei ya chini amekulipa zaidi. Lakini bei mnayoandika iwe ndiyo bei mliyouziana kweli, hao watu wa ardhi na KRA wanajua Ruai inauzwa ngapi.

Na kama mwenye mali ameaga, fanyeni haraka ya heshima, ndani ya ile miaka 2.

Mama mwenyewe alisoma daftari yangu na kalamu nyekundu, mwalimu ni mwalimu, akanisahihisha tahajia mahali pawili. Alafu akagawa: 400,000 MMF, milioni moja IFB kwa mnada, na 100,000 ikaenda kwa mabati ya nyumba ya ushago. Kaka bado anatuma picha za bikoni kwa grupu ya familia. Mama humjibu kwa maneno matatu tu: "Risiti ziko wapi?"